Lionel Terray: Mpanda milima aliyewakaidi wenzake ili kuokoa vijana wawili

KATIKA juma la mwisho la Desemba 1956, umati wa watu ulijazana katika barabara za Chamonix, mji mdogo wa milimani mashariki mwa Ufaransa, ukiinua darubini kuelekea kwenye miteremko ya Mont Blanc.

Huko juu, mita 4,000 hivi kutoka usawa wa bahari, vijana wawili walikuwa wakifa polepole kwa baridi. Waandishi wa magazeti, wapiga picha na watangazaji wa redio walikuwa wamefurika mjini na kuzijaza hoteli. Kila saa taarifa mpya ilipelekwa Paris na Brussels. Kilichokosekana ni mtu wa kuwafikia vijana wale.

Mtu aliyejitokeza alikuwa Lionel Terray, wakati huo akiwa na umri wa miaka 35 na tayari mmoja wa wapanda milima mashuhuri zaidi duniani. Hakufaulu. Lakini jaribio lake, na uhasama lililozua, ni sehemu ya sababu zilizoifanya Ufaransa ibadilishe namna inavyowaokoa watu waliokwama milimani.

Terray alizaliwa Julai 25, 1921, katika mji wa Grenoble, kwenye familia yenye uwezo. Baba yake alikuwa daktari aliyewahi kuishi Brazili, na hakuna aliyetarajia kwamba mwanawe angejitafutia riziki kwa kuvuta watu wengine kwa kamba. Upandaji milima ulionekana katika nyumba ile kuwa upumbavu mtupu. Hata hivyo kijana huyo hakuipenda shule. Aliupenda mchezo wa kuteleza kwa skii, akashinda mashindano, na alipofika umri wa barobaro tayari alikuwa akipanda majabali.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka na Ufaransa kushindwa mwaka 1940, alijiunga na shirika la vijana lililokuwa likifunza maisha ya milimani. Humo ndimo alimokutana na Gaston Rébuffat, kijana wa Marseille aliyekuja kuwa mwelekezi na mwandishi mashuhuri. Baadaye Terray alilima shamba dogo huko Les Houches, karibu na Chamonix, pamoja na mkewe Marianne. Vita vilipoelekea ukingoni, alipigana katika vikosi vya milimani dhidi ya Wajerumani.

Mwaka 1945 alianza kupanda pamoja na Louis Lachenal, mzaliwa wa Annecy aliyemzidi Terray umri kwa siku chache tu. Ni nadra kupata wawili waliofaana hivyo. Lachenal alikuwa mwepesi, mwenye haraka na mkali wa ulimi. Terray alikuwa na mwili wa mbeba mizigo na subira ya mkulima. Mwaka 1946 walipanda ukingo wa Walker katika mlima Grandes Jorasses. Julai 1947 wakawa watu wa pili kuufaulu uso wa kaskazini wa Eiger nchini Uswisi, ukuta ambao kabla ya hapo ulikuwa umewaua wapandaji kadhaa huku watalii wakitazama kwa darubini kutoka hotelini.

Sifa hizo ndizo zilizowapeleka wote wawili Himalaya mwaka 1950, pamoja na Rébuffat, katika msafara ulioongozwa na Maurice Herzog. Juni 3 mwaka huo Herzog na Lachenal walifika kilele cha Annapurna, mlima wa mita 8,091. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kukanyaga kilele kinachozidi mita 8,000.

Kilichofuata kilikuwa msiba. Wawili hao walirejea kambini miguu ikiwa imeganda, na Herzog alikuwa amepoteza glavu zake. Terray, aliyekuwa akijiandaa kupanda kesho yake, aliliacha wazo la kilele na kukesha akiichuachua miguu ya Lachenal na kuipiga kwa kamba ili damu irejee. Asubuhi, miguu hiyo ilipokuwa imevimba kiasi cha kutoingia katika viatu, Terray alimvisha rafiki yake viatu vyake mwenyewe vilivyokuwa vikubwa zaidi. Yeye akavipasua vya Lachenal na kujilazimisha ndani yake. Mtu anayejua maana ya viatu katika baridi ya namna hiyo atatambua ukubwa wa tendo hilo.

Wakiwa wanne, walipotea katika tufani na kulala ndani ya ufa wa barafu. Kulipokucha, Terray na Rébuffat hawakuwa wakiona, kwa kuwa siku iliyotangulia walikuwa wamevua miwani ili watafute njia, na mwanga wa theluji ukawaunguza macho. Marcel Schatz, mwenzao aliyekuwa akiwatafuta, ndiye aliyewafikia na kuwaongoza chini. Lachenal alikatwa vidole vyote vya miguu, na Herzog akapoteza vya miguu na karibu vyote vya mikono.

Hapa ndipo Terray alipoanza kuijua nguvu ya magazeti. Jarida la Paris Match lilichapisha katika jalada lake picha ya Herzog kileleni akiwa ameshika bendera, na taifa lililokuwa bado linauguza aibu ya mwaka 1940 likapata shujaa. Wenzake walikuwa wametia sahihi mkataba wa kutochapisha chochote kuhusu safari hiyo kwa miaka mitano. Kitabu cha Herzog kikasomwa na mamilioni ya watu, ilhali Lachenal, aliyeipiga picha ile, alibaki kuwa jina la pembeni. Maandishi yake yalipotolewa mwaka 1956 yalikuwa yamehaririwa na ndugu ya Herzog. Ilibidi wasomaji wangoje hadi 1996 kuyapata bila kukatwakatwa.

Lachenal mwenyewe hakuwapo kuyaona hayo yote. Novemba 25, 1955, akiteleza kwa skii katika bonde la Vallée Blanche juu ya Chamonix, daraja la theluji lilivunjika chini yake akatumbukia katika ufa na kufa. Ajali kama hiyo, ya mtu mmoja, bila shahidi aliyesimama na darubini, kwa kawaida hupewa mistari michache gazetini. Iliandikwa zaidi kwa sababu tu aliyekufa alikuwa amefika Annapurna.

Miaka hiyo hiyo Terray alikuwa katika kilele cha nguvu zake. Februari 1952 alipanda Fitz Roy, mnara wa mawe wenye pepo kali huko Patagonia, pamoja na Guido Magnone. Mei 15, 1955, yeye na Jean Couzy walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Makalu, mlima wa tano kwa urefu duniani, na katika siku mbili zilizofuata wanamsafara wote waliobaki wakafika pia. Mwaka 1956 alikuwa Peru, akipanda Chacraraju, mlima ambao wengi walidhani haupandiki. Alirudi Chamonix akiwa na deni la usingizi na jina lililojulikana kote Ulaya.

Kisha ikaja ile Krismasi.

Jean Vincendon alikuwa Mfaransa na François Henry Mbelgiji, wote wakiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Waliondoka Chamonix Desemba 22 wakinuia kupanda Mont Blanc kwa njia ya ukingo wa Brenva, upande wa Italia. Mlima huo ni mfupi kuliko Mlima Kenya kwa takriban mita 400, lakini msomaji asihadaike na tarakimu. Mont Blanc iko mbali kaskazini mwa ikweta, na katika kipindi cha baridi usiku wake ni mrefu, tufani zake hudumu kwa siku kadhaa, na kipimajoto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri.

Katika kibanda cha La Fourche walikutana na Mwitaliano Walter Bonatti, mpandaji hodari, aliyekuwa na mwanajeshi Silvano Gheser. Siku ya Krismasi makundi hayo mawili yalilazimika kulala nje ukingoni, na tufani ikawakuta. Kesho yake Bonatti aliwaongoza kwenda juu. Baadaye wakatengana. Waitaliano walifika kibanda cha Vallot, mita 4,362, na hatimaye wakateremkia upande wa kwao wakiwa hai, japo Gheser alikatwa baadhi ya vidole. Vincendon na Henry, waliokuwa wamechoka mno, walishika njia ya kuteremkia Chamonix na kukwama kati ya nyufa na mabonge ya barafu.

Walionekana kutoka chini. Hilo ndilo lililoifanya ajali hiyo iwe tofauti na nyingine zilizotangulia: wahanga walikuwa wakionekana, na walikuwa hai.

Uokoaji wakati huo ulikuwa kazi ya kujitolea. Zamu ilipokezanwa baina ya chama cha waelekezi wa Chamonix, shule ya taifa ya upandaji na skii, na shule ya kijeshi ya milima mirefu. Waelekezi walikataa kupanda. Walisema theluji mpya ingeporomoka na kuwaua waokoaji, na kwamba vijana hao walikwenda wenyewe katika msimu ambao watu wenye busara hubaki majumbani. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi. Wengi wao walikuwa na wake na watoto, na hapakuwa na bima ya maana kwa mwokoaji aliyekufa. Lakini magazeti hayakuwa na subira ya kuzipima, na katika juma hilo la sikukuu waelekezi waliitwa waoga mbele ya Ulaya nzima.

Wakuu waliweka matumaini yao katika helikopta. Mwaka 1955 helikopta ndogo ilikuwa imetua kileleni mwa Mont Blanc, na jeshi la Ufaransa lilikuwa likitumia ndege hizo katika vita vya Algeria. Ilionekana kana kwamba mashine ingemaliza kwa dakika kumi kazi ambayo miguu ingeifanya kwa siku mbili. Siku zikapita zikingojewa hali ya hewa na ruhusa. Vijana wakaangushiwa blanketi na chakula.

Terray aliona kwamba muda ulikuwa ukipotezwa. Alikuwa mmoja wa wachache wasio wazaliwa wa bonde lile waliokubaliwa katika chama cha waelekezi. Wahenga walinena mgeni njoo mwenyeji apone, lakini Chamonix ya siku zile haikupenda mgeni aifundishe kazi. Alikusanya wachache waliojitolea, baadhi yao wakiwa wapandaji wasio waelekezi kabisa, akaanza kupanda kwa miguu huku theluji ikiwazamisha. Wenyeji wengi waliliona tendo hilo kuwa tusi, na uhusiano wake na chama ukavunjika.

Desemba 31, helikopta kubwa aina ya Sikorsky ilijaribu kutua karibu na wahanga ikiwa na marubani wawili na waelekezi wawili. Upepo wa panga zake uliinua wingu la theluji, rubani akapoteza mwelekeo, nayo ikaanguka. Sasa watu wa kuokolewa walikuwa sita badala ya wawili. Waokoaji waliwakuta Vincendon na Henry wakiwa hai, mikono na miguu ikiwa migumu kama mbao, wakawaingiza katika mabaki ya helikopta ili wajikinge na upepo. Wao wakajikokota hadi kibanda cha Vallot, na rubani mmoja naye akaganda vibaya njiani.

Terray alilazimika kurudi bila kuwafikia. Januari 3, 1957, helikopta ndogo mbili za Alouette, zilizokuwa mpya wakati huo, ziliwatoa watu wa Vallot. Hazikwenda kwenye yale mabaki. Iliamuliwa kwamba waliokuwa humo wasingeweza kuwa hai, na msako ukafungwa. Miili yao iliteremshwa mwezi wa Machi.

Je, Terray angewafikia kama angeanza mapema? Bila shaka yeye aliamini hivyo, na waliomjua hawakuwa na sababu ya kumdharau. Mtu anaweza kudai pia kwamba kundi lake lingeweza kufukiwa na theluji na kuongeza idadi ya maiti. Lisilobishika ni kwamba siku zile za mwanzo, wakati vijana wale bado wangeweza kusimama, hakuna mtu aliyekuwa na mamlaka ya kutoa amri wala wajibu wa kuitii.

Mwaka 1958 serikali ya Ufaransa iliondoa kazi hiyo mikononi mwa vyama na kuwakabidhi wakuu wa mikoa. Kikosi maalumu cha askari wa jandamu kiliundwa mjini Chamonix, na helikopta ikawa chombo cha kawaida cha uokoaji.

Mtu anayesoma magazeti ya zamani anaweza kudhani kwamba ajali za kipindi cha baridi huja kwa mafuriko kisha zikatoweka. Ukweli ni tofauti. Kwa miongo kadhaa, maporomoko ya theluji yamekuwa yakiua watu wapatao 100 kwa mwaka katika milima ya Alps, miaka mingine zaidi na mingine pungufu, na wastani huo haukupanda sana ingawa wanaokwenda milimani wakati wa baridi wameongezeka mara nyingi.

Kilichobadilika ni nani anayekufa. Katika msimu wa 1950 hadi 1951, maporomoko yaliua watu 98 nchini Uswisi pekee, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Baadaye vizuizi vya chuma, misitu iliyolindwa, ramani za maeneo ya hatari na taarifa za kila siku zilipunguza sana vifo vya vijijini na barabarani, ingawa havikukoma: Februari 1999, watu 12 walikufa nyumba zilipofunikwa huko Montroc, karibu na Chamonix. Siku hizi wahanga wengi ni watu waliokwenda kujiburudisha nje ya njia zilizotengwa, na katika visa vingi theluji iliyowafukia iliporomoshwa na wao wenyewe au na mwenzao. Wengi wa wanaofukuliwa katika dakika kumi za mwanzo huishi. Baada ya nusu saa matumaini huwa madogo mno, hivyo rafiki mwenye koleo na kifaa cha kunasa mawimbi husaidia kuliko helikopta iliyo njiani.

Vifo hivyo huja kimoja kimoja, na kwa hiyo havina nafasi kubwa gazetini. Ajali inayopata kurasa ni ile yenye muda wa kungoja, mahali pa kutazamia na mtu wa kulaumiwa. Vincendon na Henry walikuwa na vyote vitatu.

Terray aliyaona hayo tena miezi michache tu baadaye. Agosti 1957 Waitaliano wawili, Claudio Corti na Stefano Longhi, na Wajerumani wawili walikwama katika uso wa kaskazini wa Eiger, ambako hata Agosti kuna barafu na tufani. Terray alikuwa karibu na wateja wake Waholanzi, akaenda kusaidia bila kuitwa. Waokoaji wa mataifa mbalimbali walifunga winchi kileleni na kumteremsha Mjerumani Alfred Hellepart kwa waya mwembamba wa chuma, naye akapanda na Corti mgongoni. Terray aliteremshwa kumfuata Longhi, lakini redio yake ikaharibika na ikabidi avutwe juu. Kisha akasaidia kumbeba Corti mgongoni wakati wa kushuka, katika usiku mwingine wa tufani.

Longhi alikufa peke yake, na mwili wake ukaning'inia ukutani hadi 1959, huku watalii wakilipia darubini ili wauone. Wajerumani wawili hawakuonekana. Kwa kuwa Corti alisimulia mambo kwa kuchanganyikiwa, baadhi ya waandishi walimshuku hadharani kwamba aliwatendea Wajerumani uovu ili ajiokoe. Tuhuma hizo zilidumu miaka minne. Mwaka 1961 miili ya wawili hao ilipatikana upande wa magharibi wa mlima: walikuwa wamefika kileleni, wakafa kwa uchovu wakishuka. Habari za kumsafisha Corti hazikupewa ukubwa wa zile za kumchafua.

Mwaka huo huo wa 1961 Terray alitoa kitabu cha maisha yake, ambamo upandaji wa milima unaelezwa kama ushindi usio na faida yoyote. Kabla ya hapo alikuwa ameigiza katika filamu ya Marcel Ichac kuhusu milima, iliyokamilika mwaka 1959. Alikuwa baba wa wavulana wawili, na aliendelea kuishi kwa kuongoza wateja, kazi ya mikono ambayo sifa hazikumwondolea.

Mwaka 1962 aliongoza msafara uliofaulu Jannu huko Nepal, mmoja wa milima migumu zaidi iliyokuwa imepandwa hadi wakati huo. Mei 1964 aliongoza kundi la Wafaransa lililofika kwa mara ya kwanza kilele cha Huntington huko Alaska. Aliteleza na kuumia kiwiko katika siku za mwanzo, lakini akapanda hadi juu akitumia zaidi mkono mmoja.

Septemba 19, 1965, Terray alikwenda kupanda majabali katika safu ya Vercors, si mbali na Grenoble alikozaliwa, pamoja na Marc Martinetti, mwelekezi kijana wa Chamonix. Haikuwa Himalaya wala haikuwa kipindi cha baridi. Walipochelewa kurudi, watu walikwenda kuwatafuta, wakawakuta chini ya ukuta, wote wawili wamekufa, wangali wamefungwa kwenye kamba moja. Hakuna aliyeshuhudia walivyoanguka. Terray alikuwa na umri wa miaka 44. Alizikwa Chamonix.